Tarehe ya Kompyuta Nayo Yataka Shahidi

Msomaji mpenzi, kabla ya kusema habari ya kompyuta, sikiliza kisa cha kikundi kimoja cha kuweka na kukopa, katika kijiji kimoja upande wa Bariadi. Jina la kijiji naliacha, na majina ya watu nayaacha, kwani walikwisha kupatana, wala haifai kuwatonesha kidonda.

Wanachama wa kikundi hiki ni wakulima wa pamba na dengu, wengi wao akina mama. Tarehe 14 Juni walikutana chini ya mti, wakakubaliana kumkopesha mama mmoja shilingi 1,200,000, ampeleke mtoto wake hospitali ya Bugando, Mwanza. Mkutano haukuwa mkubwa, maana siku zile pamba ilikuwa inapimwa, na watu wengi walikuwa wakingoja zamu yao penye mizani. Jioni ile katibu wao, binti aliyemaliza kidato cha nne, akauandika muhtasari katika laptopu ya kaka yake, akauweka pia katika flashi.

Mwanzo wa Agosti sanduku likafunguliwa mbele ya wanachama wote. Fedha zikaonekana pungufu. Waliokosa mkutano wa Juni wakauliza: “Zimekwenda wapi?” Waliokuwapo walikumbuka mkopo, lakini kiasi chake kila mtu alikitaja chake. Mama mwenyewe alikuwa bado Mwanza na mtoto. Binti akaleta muhtasari wake katika kompyuta. Hapo kijana mmoja, ajuaye kidogo mambo ya mitambo, akaitazama ile faili, akasoma kwa sauti kubwa: “Imeundwa tarehe 2 Agosti!”

Watu wakaguna. “Basi,” wakasema, “muhtasari huu umeandikwa juzi tu, baada ya fedha kuliwa.” Binti akaapa, akalia, asisikilizwe. Jioni ile alirudi kwa mama yake akiitwa mwizi.

Je, wewe ungalikuwapo, ungalisema nini? Usijibu upesi. Twende polepole.

FAILI MOJA, TAREHE NYINGI

Barua, picha, hesabu au muhtasari uliowekwa ndani ya kompyuta huitwa faili. Juu ya kila faili kompyuta huandika tarehe, kama karani wa posta apigavyo mhuri juu ya bahasha. Watu wengi hudhani mhuri ni mmoja. Sivyo. Kompyuta zetu nyingi, zile zitumiazo Windows, huonyesha tarehe tatu: siku faili ilipoundwa, siku ilipobadilishwa mara ya mwisho, na siku ilipofunguliwa mara ya mwisho.

Sasa angalia neno hilo “kuundwa”, maana ndilo lililomponza yule binti. Halina maana ya siku maneno yalipotungwa. Lina maana ya siku faili ilipoanza kukaa mahali pale ilipo. Ukimhamisha ng’ombe kutoka zizi la Maswa hadi zizi la Bariadi, mwenye zizi jipya ataandika siku aliyompokea. Je, tuseme ng’ombe amezaliwa siku ile? Hasha!

Ndivyo ilivyokuwa. Laptopu ya kaka ilikufa mwezi wa Julai. Tarehe 2 Agosti binti aliichukua flashi yake, akainakili faili katika kompyuta ya jirani, apate kuuchapa muhtasari kwa ajili ya mkutano. Kompyuta mpya ikaandika siku iliyoipokea. Lakini chini ya mstari ule aliousoma kijana, ulikuwapo mstari wa pili: “Imebadilishwa tarehe 14 Juni.” Kijana hakuusoma, au aliuona asiuelewe. Kitu kitabadilishwaje kabla hakijaumbwa? Katika maisha yetu haiwezekani. Katika kompyuta hutokea kila siku, na kwa kawaida ni dalili kwamba faili imenakiliwa kutoka mahali pengine.

Tena yako mengine yawezayo kubadili tarehe bila mtu kukusudia ubaya. Ukiifungua barua ya zamani, ukaongeza nukta moja, ukahifadhi, siku ya kubadilishwa itakuwa leo, hata kama barua ni ya miaka 10 iliyopita. Picha uliyotumiwa kwa simu mara nyingi huchukua siku uliyoipokea, wala si siku iliyopigwa. Mtu asiyejua haya aweza kumpoteza mwenzake asiye na kosa.

SAA YA KOMPYUTA HUTOKA WAPI?

Kompyuta haioni jua wala haisikii jogoo. Ina saa ndogo ndani yake, na saa hiyo huendeshwa na betri ndogo ya duara, kama sarafu, wakati mashine imezimwa. Betri ile ikichoka, saa hupotea, nayo kompyuta ikiwashwa hurudi siku ya nyuma sana. Kama haijaunganishwa na mtandao ili isahihishwe, itaendelea kupiga mihuri ya uwongo juu ya kila faili. Haina nia mbaya. Ni kama mzee aliyelala, akaamka, akadhani bado ni jana.

Labda umepata kuiona simu yenye hitilafu ikionyesha mwaka 1970. Sababu ni hii. Mitambo mingi ya jamii iitwayo Unix, pamoja na simu za Android, huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, saa sita ya usiku kwa saa ya Greenwich, kwetu saa tisa ya usiku. Hesabu hiyo sasa imepita sekunde bilioni 1.7. Hesabu ikipotea ikawa sifuri, mashine hudhani tuko mwaka ule.

Kwa hiyo tarehe ya faili ni neno la saa ile tu. Saa ikiwa sawa, neno laweza kuwa sawa. Saa ikipotea, nalo limepotea.

KURUDISHA TAREHE KWA MKONO

Yaliyosemwa mpaka hapa ni ajali. Sasa tuseme juu ya kusudi.

Mwenye kompyuta aweza kuirudisha saa yake nyuma, akaandika barua leo, nayo mashine ikaipiga mhuri wa mwaka juzi. Kisha airudisha saa mahali pake. Wala hana haja hata ya kugusa saa. Katika mitambo ya Unix iko amri fupi iitwayo touch, yaani gusa, iliyokuwapo tangu mwaka 1979. Amri hiyo huipa faili tarehe yoyote uitakayo. Katika Windows pia ziko programu za kazi hiyo. Ni jambo la dakika moja.

Usidhani kwamba amri hii ilitungwa kwa ajili ya wezi. Mafundi waliihitaji kwa kazi ya haki. Mtu ambaye saa ya kamera yake ilikosea, akapiga picha za arusi zote zikaonyesha mwaka mwingine, aweza kuzisahihisha. Panga hulima, panga huua. Kosa si la panga.

Na hapa kisa chetu chafikia mahali pake pazito. Usiku ule binti alipokuwa analia, ndugu yake mmoja alikuja nyumbani. Huyu alifanya kazi mjini katika duka la kuchapa na kutoa kopi, naye aliijua ile amri. Akamwambia: “Dada, usilie. Nipe kompyuta. Nitaiweka ile tarehe ya kuundwa iwe 14 Juni, na kesho watanyamaza. Si uwongo, maana ni kweli uliandika siku ile.”

Msomaji, tafakari. Neno alilotaka kulithibitisha lilikuwa kweli. Fedha zilitolewa kweli, muhtasari uliandikwa kweli siku ile. Je, alikuwa na ruhusa kupata njia hiyo?

Binti akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema: “Hapana. Tarehe ile kompyuta imeiandika yenyewe. Nikiibadili, nitakuwa nimefanya lile wanalosema nimefanya.”

Alisema vema. Amri ya nane ya Mungu inatukataza kushuhudia uwongo, nayo haituachii nafasi ya kughushi kwa ajili ya mambo mema. Nia njema haikitakasi kitendo kibaya. Hayo tulifundishwa tangu katekisimu. Lakini hata kwa akili ya dunia alikuwa na haki, kama tutakavyoona sasa.

NJIA YA MWONGO NI FUPI

Arudishaye tarehe hudhani amefuta nyayo zake. Kumbe amefuta nyayo za mguu mmoja, na mguu wa pili umebaki. Katika Linux na jamaa zake iko tarehe nyingine ambayo ile amri ya touch haiwezi kuipangia siku: kila habari za faili zinapoguswa, mfumo wenyewe huandika saa ya wakati ule. Windows nayo huweka kumbukumbu saa inapobadilishwa. Na ndani ya barua yenyewe mara nyingi zimo alama nyingine: jina la programu iliyoiandika, aina ya herufi, tarehe zilizofichika. Fundi aliyefunzwa huzisoma alama hizo kama mwindaji asomavyo nyayo mbugani.

Mwaka 2024 shauri moja kubwa lilikatwa katika Mahakama Kuu huko London. Bwana Craig Wright, mtu wa Australia, alikuwa amedai miaka mingi kwamba yeye ndiye Satoshi Nakamoto, yaani yule mtu asiyejulikana aliyebuni fedha ya kompyuta iitwayo Bitcoin mwaka 2008. Alileta hati nyingi, zikionekana ni za miaka ya zamani. Wataalamu wakazichunguza. Wakakuta hati zilizoandikwa kwa herufi ambazo mwaka uliotajwa zilikuwa hazijatoka bado, na faili zilizotengenezwa kwa kuirudisha nyuma saa ya kompyuta. Tarehe 14 Machi 2024 Jaji Mellor akatangaza kwamba mtu huyo siye Satoshi, na katika hukumu yake ya Mei mwaka ule akaeleza kwamba alighushi hati kwa wingi. Fedha na mawakili havikumsaidia.

Karibu na kwetu, twajua habari za jirani zetu wa Kenya. Baada ya uchaguzi wa rais wa mwaka 2022, shauri lilipelekwa Mahakama ya Juu. Walalamikaji walileta kumbukumbu za mitambo, wakisema zaonyesha wageni wakiingia katika mtambo wa matokeo. Mahakama iliamuru mitambo ikaguliwe. Tarehe 5 Septemba 2022 majaji wakasema kwamba baadhi ya kumbukumbu hizo zilikuwa ama za uchaguzi wa mwaka 2017, ama za kughushi kabisa. Waona jinsi tarehe inavyoweza kuangusha au kusimamisha jambo la taifa zima.

Na sisi Tanzania tunazo sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali maandishi ya kompyuta yawe ushahidi, lakini inamtaka hakimu apime kwanza: yaliandikwaje, yalihifadhiwaje, yalilindwaje yasiguswe, na mwandishi wake ametambulikanaje. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka ule ule inahesabu kuwa ni kosa la jinai kubadili au kuingiza habari katika kompyuta ili uwongo uonekane kuwa kweli, na adhabu yake ni nzito, faini au kifungo, au yote mawili.

Sasa fikiri: kama binti angalikubali usiku ule, na baadaye fundi akaja akaziona nyayo, nani angaliamini tena kwamba fedha zilikopeshwa kweli? Ukweli wake wenyewe ungalivikwa nguo ya uwongo, nao ungalikufa nao.

MIZANI YA PILI

Sisi watu wa nchi ya pamba hatukosi mfano wa kutufundisha. Wazee wetu walisimulia jinsi wakulima wa Usukuma walivyopunjwa zamani penye mizani ya wanunuzi. Mkulima alileta mzigo wake, mnunuzi akasoma kilo mwenyewe, akaandika mwenyewe. Wakulima walifanya nini? Hawakuivunja mizani. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, wakiongozwa na watu kama Bwana Paul Bomani, waliweka wapimaji wao wenyewe, wapate kuhakikisha uzito. Kutoka katika juhudi hizo vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaunganishwa kuwa shirikisho kubwa la vyama vya Kanda ya Ziwa.

Hekima ile yatosha na leo. Usiitupe kompyuta, ni msaada mkubwa. Lakini usiiache ipime peke yake. Iwekee mizani ya pili. Namna gani? Fuata haya:

Kwanza, kila kikundi kiwe na daftari la karatasi. Maazimio yaandikwe humo kwa kalamu, yasomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, kisha kila aliyehudhuria atie sahihi au dole gumba. Kompyuta ije baadaye.

Pili, katibu aandike daima tarehe mbili: siku ya mkutano, na siku ya kuuchapa muhtasari. Makatibu wengi huona haya wakichelewa, nao hushawishika kurudisha tarehe. Ndugu katibu, kuchelewa ni udhaifu mdogo, nao hukiriwa kwa mstari mmoja: “Mkutano ulikuwa tarehe 14 Juni, nimeuchapa tarehe 2 Agosti.” Ukiandika hivyo, nani atakushitaki?

Tatu, siku ile ile peleka nakala kwa watu watatu au wanne kwa simu au kwa barua pepe. Hapo tarehe haikai tena mkononi mwako peke yako; imekaa katika simu za wenzako na katika mitambo usiyoitawala. Hao ndio mashahidi wako.

Nne, usiandike juu ya faili ya zamani. Ukitaka kusahihisha, acha ya kwanza ilivyo, tengeneza ya pili, uipe jina lenye tarehe.

Tano, ugomvi ukizuka, msiifungue faili na kuihifadhi tena, wala msiipitishe kutoka flashi hii kwenda flashi ile. Kila mkono uigusao waweza kuongeza nyayo. Iacheni, mtafute mtu aijuaye kazi hiyo.

Na ninyi mnaojua kompyuta kidogo, mwogopeni Mungu mnaposoma mbele ya watu. Kusoma mstari mmoja na kuacha wa pili kwaweza kumtia mtu doa la maisha.

KITABU CHA UBATIZO

Labda utauliza: makosa ya kweli yatasahihishwaje? Tazama kitabu cha ubatizo katika parokia yako. Tangu Mtaguso wa Trento, uliofungwa mwaka 1563, Kanisa limewaagiza maparoko waandike ndoa na ubatizo katika vitabu. Ubatizo wako umo, na kipaimara chako huandikwa penye jina lako, na ndoa yako pia. Ikionekana baadaye kwamba siku ya kuzaliwa ilikosewa, padre mwangalifu hapasui ukurasa wala hafuti mpaka karatasi itoboke. Huandika sahihisho pembeni, pamoja na siku alipoandika na sahihi yake. Kosa labaki laonekana, na sahihisho laonekana, na mkono uliosahihisha wajulikana.

Hapo ndipo penye mpaka. Asahihishaye kwa haki huandika pembeni, watu wote waone. Aghushiye hufuta, mtu asione. Twasoma katika Kitabu cha Pili cha Wafalme jinsi Mungu alivyokirudisha kivuli nyuma madaraja kumi, kuwa ishara kwa mfalme Hezekia. Kivuli kile kilirudi mchana, mbele ya macho ya watu. Arudishaye tarehe ya faili hufanya usiku, mlango umefungwa.

Wazazi, wafundisheni watoto jambo hili mapema. Mtoto aliyezoea kupunguza miaka ili apate nafasi, au kuandika tarehe ya jana juu ya kazi ya leo, kesho atakuwa karani, na lusiri mbaya itakuwa imekwisha kuota mizizi.

Na yule binti? Siku ya tatu mzee mmoja wa kikundi alirudi kutoka msibani Meatu. Huyu walizoea kumcheka, maana kila mkutano alikuja na daftari lake kuukuu na kidau cha wino. Alilifungua mbele ya watu. Ukurasa wa tarehe 14 Juni ulikuwa na mistari minne, kiasi cha fedha kwa tarakimu na kwa maneno, na chini yake sahihi na madole gumba 17. Waliosahau kiasi wakayaona madole yao wenyewe.

Kijana aliyesoma mstari mmoja akasimama, akaomba radhi mbele ya wote, wala hakuambiwa afanye hivyo. Binti akaombwa aendelee na ukatibu. Alikubali kwa sharti moja: lile daftari lisikose mkutano hata mmoja.